Windows Ngapi Hiyo?

Kuna laptopu nyingi Likoni, Kisauni na Changamwe ambazo hazikuanguka, hazikumwagikiwa chai wala hazikuingiwa na sisimizi, lakini tarehe 14 Oktoba 2025 zilitangaziwa uzee. Siku hiyo Microsoft ilimaliza utunzaji wa kawaida wa Windows 10, na swali moja likatawala kila kaunta ya duka la kompyuta: "Windows ngapi hiyo?" Swali lenyewe ni la haki. Ubaya wake ni kwamba huulizwa la kwanza, na mara nyingi huwa pia la mwisho. Nashikilia kwamba mfumo mpya ukiingia sokoni, jina la mfumo ndilo jambo la mwisho la kumwuliza muuzaji, kwa sababu ndilo jepesi kuliko yote kulighushi, na ndilo pekee ambalo mashine nzuri hulipata bure. Anayelitanguliza ni sawa na anayekodi nyumba Mtopanga kwa kuwa imepakwa rangi mpya, asiulize maji ya mfereji huja siku gani.

Wenye mifumo wenyewe wametupa sababu ya kutoyaogopa sana majina yao. Mwezi Mei 2015, katika mkutano wa Microsoft mjini Chicago, mfanyakazi mmoja wa kampuni hiyo alisema kwamba Windows 10 ndiyo Windows ya mwisho. Tarehe 5 Oktoba 2021 ikatoka Windows 11. Watu wa Likoni, ambao wamesikia habari za daraja la magari la kuvukia kisiwani kwa miaka na mikaka na bado wanapanga foleni ya feri, hawakupaswa kushangaa. Kabla ya hapo kulikuwa na kisa cha Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007. Miezi kadhaa kabla haijafika, kompyuta zilianza kuuzwa Marekani zikiwa na stika ya kuthibitisha kwamba zina uwezo wa kuiendesha. Nyingi ziliweza kuendesha toleo lake dogo tu, lisilo na madoido yaliyokuwa yakitangazwa, na wanunuzi wakaenda mahakamani Seattle. Barua pepe za ndani zilipofichuliwa mwaka 2008, ikaonekana kwamba makamu mmoja wa rais wa kampuni hiyohiyo alikuwa amelalamika kwamba stika ilimponza naye: alibaki na laptopu ya dola 2,100 inayofaa kusomea barua pepe tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na tangu enzi hizo kibaya kimejua kujitembeza kwa stika. Kama aliyekaa jikoni alilishwa kibichi, sisi tuliosubiri sahani barazani tuna haki ya kufunua kawa kwanza.

Tufunue basi. Windows 11 ilikuja na masharti ambayo Windows 10 haikuwa nayo: RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Sharti la prosesa ndilo lililoua wengi. Kwa Intel, karibu zote zilizo chini ya kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017, ziliachwa nje. Ofisi za Ulaya, ambazo hubadilisha laptopu kama sisi tunavyobadilisha laini za simu, zikafagia meza zao. Mashine za kizazi cha sita na cha saba, nzima, zenye bodi imara na chapa kubwa, zikaingia katika biashara ya mtumba. Huku kwetu hupewa cheo cha "ex-UK", hata zile ambazo hazijawahi kuiona Uingereza. Za kwenye meli hushukia Kilindini na kontena zake hupitia Changamwe, kwa hivyo huenda laptopu ikaiona Magongo kabla mnunuzi wake wa Magongo hajaiona laptopu. Tusilalamike. Pupa ya wenzetu ndiyo iliyotuletea mashine za maofisa kwa bei ya makarani. Ila tujue ni kwa nini ziliachwa, ili tusiuziwe sababu ile ile iliyowafanya wao wazitupe.

Sababu hiyo imeandikwa wazi kwenye mashine, na kuisoma hakuhitaji diploma. Ukiambiwa laptopu ni "Core i5", bado hujaambiwa kitu, kwa maana i5 zimekuwepo tangu 2009. Tazama namba inayofuata kistari. i5-6300U ni ya kizazi cha sita, i5-7300U ni ya saba, i5-8350U ni ya nane. Tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi. Zikiwa tarakimu mbili za mwanzo, kama i5-1135G7, basi hiyo ni ya kumi na moja. Katika HP EliteBook 840, ambazo zimejaa madukani kuliko chumvi baharini, kwa kawaida ile ya G3 ni ya kizazi cha sita, G4 ni cha saba na G5 ni cha nane. G3 na G4 zinafanana kama pacha, ila zote mbili ziko upande mmoja wa mpaka na G5 iko upande wa pili. ThinkPad nazo zina mpaka wao kati ya T470 na T480. Namba moja tu hubadilika kwenye kibandiko, na ndiyo inayotenganisha laptopu itakayopokea masasisho kwa haki yake na ile itakayoyapokea kwa dua.

Hapa ndipo swali la "Windows ngapi hiyo?" linapoumbuka. Muuzaji atafungua G3, na kwenye skrini utaiona Windows 11 yenyewe, na kitufe cha Start kimekaa katikati. Hakudanganyi macho. Fundi aliipiga kwa flashi iliyoandaliwa kuruka ukaguzi wa prosesa na TPM, kazi anayoimaliza chai haijapoa. Microsoft imesema tangu mwanzo kwamba mashine zisizotimiza masharti hazina haki ya kupata masasisho. Zinaweza kuyapata leo na kunyimwa kesho. Kwa hivyo kuiona Windows 11 dukani kunathibitisha jambo moja tu, kwamba fundi ana flashi. Ingia kwenye Settings, kisha System, kisha About, usome namba ya prosesa mwenyewe kwa sauti, ili muuzaji ajue kwamba umesoma.

Baada ya prosesa, tazama kibodi, kwa sababu Ulaya si nchi moja. Kibodi ya Uingereza ina alama ya pauni juu ya 3, na alama ya @ imehamia karibu na kitufe cha Enter. Mfumo ukiwa umewekwa Kiingereza cha Marekani, kitufe kilichoandikwa @ kitakutolea alama za kunukuu, na barua yako ya kuomba kazi itakwama kwenye anwani. Hiyo ni shida ya mtoto. Ya Ujerumani imebadilishana Y na Z, na lugha yetu haiwezi kuishi bila hizo mbili. Anayetazama vitufe vya Kijerumani huku mfumo uko kwa Kiingereza ataandika "yeye" apate "zeze", aandike "mzee" apate "myee", na akimtaja Mwenyezi Mungu kwenye barua ya harambee ya msikiti itasomeka "Mwenzeyi". Ya Ufaransa ni balaa zaidi, kwa kuwa A na Q zimepeana nafasi na M imehama mtaa. Mchapaji stadi wa Kiembeni ambaye vidole vyake vimekariri kibodi ya kawaida akiandika "mama" atapata ",q,q", kitu kisichomwita mzazi yeyote. Dawa ya dukani ni kubandika stika za herufi juu ya vitufe. Katika joto la Mombasa, jasho la vidole huzing'oa moja moja kuanzia A, kwa kuwa ndiyo herufi tunayoipiga kuliko zote.

Kisha betri. Laptopu ya ofisi ya Ulaya imeishi miaka yake mingi imechomekwa kwenye soketi, na betri yake imezeeka bila kufanya kazi. Huko halikuwa tatizo. Huku, stima ikipotea Mikindani wakati uko ukurasa wa mwisho wa fomu, ndilo tatizo lenyewe. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, na mashine itakuandikia ripoti yenye hesabu mbili: uwezo iliotengenezwa nao na uwezo uliobaki ikijaa. Ya pili ikiwa nusu ya ya kwanza, punguza bei au ongeza bei ya betri kwenye hesabu zako. Kagua pia bawaba na matundu ya USB, maana hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Fanya yote hayo ukiwa bado kwenye kaunta. Kwa mtu wa bara, warantii ina jiografia yake. Maduka mengi ya kompyuta yako kisiwani, na kurudisha mashine mbovu ni feri kwa wa Likoni, foleni ya daraja la Nyali kwa wa Kisauni, na Makupa kwa wa Changamwe. Feri haimtozi mtu wa miguu hata senti, lakini hailipi siku ya kazi iliyopotea.

Mtu atasema: yote hayo ni vitu vya nje, kazi yangu inahitaji mfumo mpya. Tuulize kazi yenyewe. Anayelipa kodi yuko iTax, anayetafuta cheti cha tabia njema yuko eCitizen, anayetoa ankara za eTIMS, anayechagua kozi KUCCPS, na ajenti wa forodha anayeingiza hati kwenye iCMS ya KRA, karibu wote wako ndani ya kivinjari. Kivinjari hakijali kitufe cha Start kiko kushoto au katikati. Kinachojali ni RAM, na mtu mwenye tabu kumi wazi na WhatsApp ya kompyuta juu yake anahitaji GB 8 kuliko anavyohitaji namba 11. Akiongeza diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka, ataona tofauti ambayo mfumo mpya peke yake hautamwonyesha kamwe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: usalama. Mfumo usiosasishwa ni mlango usio na komeo, na anayeshughulikia biashara za watu kwenye mashine hawezi kulipuuza hilo. Nakubali, na ndiyo sababu nimesema ununue kizazi cha nane kwenda juu. Lakini ushahidi hauungi mkono jina la mfumo. Unaunga mkono masasisho. Kirusi cha WannaCry kilipozuka Mei 2017 na kukwamisha hospitali za Uingereza, wengi wa waathiriwa walikuwa na Windows 7, ambayo bado ilikuwa ikitunzwa, na kiraka cha kuzuia kirusi hicho kilikuwa kimetolewa Machi. Hawakukiweka. Kwetu, fundi anayepiga Windows ya kreki mara nyingi huzima masasisho ili kreki isigundulike, na mteja hushukuru kwa kuwa bando halimalizwi. Huyo ana mfumo mpya kabisa na mlango wazi kabisa. Mwenye G3 yake halali ya Windows 10 akijiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, unaomlinda hadi tarehe 13 Oktoba 2026, analala salama kuliko yeye. Muda huo ukiisha, mashine yake bado itaendesha Linux Mint bila kinyongo.

Pingamizi la tatu hutoka kwa mwenye fedha kidogo na fahari nyingi: basi nichukue mpya ya boksi, nimalize. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mpya za bei ya chini mara nyingi huja na prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Rudi juu uyasome masharti ya Windows 11: ni hesabu hizohizo. Mashine hiyo imetengenezwa ipite mlangoni kwa kuinama, wala haikutengenezwa ifanye kazi ndani. Masasisho yakija hukosa pa kukaa, na mwenyewe huanza kufuta picha za harusi ili kuipisha Windows. Mwenye uwezo wa kununua mpya yenye GB 8 na SSD ya kutosha, na anunue kwa raha zake. Asiye nao, G5 ya mtumba itamzika Celeron ya boksi na kumsomea hitima.

Limebaki jambo moja la bei. Muuzaji akikuongezea pesa kwa sababu mashine "ni ya Windows 11", mkumbushe kwamba Microsoft huitoa bure kwa mashine yenye Windows 10 halali iliyotimiza masharti. Kama imetimiza, hakuna cha kulipia; kama haijatimiza, hakuna alichokuuzia. Kwa hivyo akikukaribisha kwa "Unataka Windows ngapi?", mwambie unataka prosesa inayoanza na nane, betri yenye ripoti yake, na kibodi inayojua kuandika "mzee". Akishindwa na yote matatu, mwombe akuuzie ile flashi. Angalau hiyo ina warantii isiyohitaji kuvuka maji.