Kufufua Gari la Kale la Kijapani Uani

Gari la kale la Kijapani, kwa maana ya makala haya, ni gari lililotoka kiwandani kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na katikati ya miaka ya 1980, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, linalolishwa na kabureta, na ambalo mwenyewe hakubali liitwe mkweche hata likiwa linavutwa kwa kamba. Kundi hili lina Toyota Corolla na Datsun Sunny, zilizoingia sokoni Japani mwaka mmoja, 1966. Lina pikapu ya Datsun 1200, iliyobeba kabichi na maziwa ya Kenya kwa miaka mingi. Lina, kwa kulegeza kidogo sharti la magurudumu, Land Cruiser za mfululizo wa 40, na lina Corolla ya KE70, iliyoanza kuundwa 1979, ambayo Wakenya huiita DX tu, na kila mtu akaelewa.

Heshima ya magari haya Afrika Mashariki haikutokana na matangazo. Datsun ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1970, 1971 na 1973, kisha ikashinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Shekhar Mehta peke yake alichukua ushindi mara tano, na Joginder Singh aliibuka wa kwanza na Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976. Madhara ya historia hii bado yapo. Anayenunua Datsun iliyokaa miaka kumi chini ya mwembe huamini kuwa ndani yake mna ubingwa uliolala, unaosubiri betri mpya. Husahau kwamba gari la Safari lilikuwa na kikosi cha mafundi nyuma yake, na hili lake lina jeki moja na shemeji.

Chanzo halisi cha mikasa yote inayofuata, hata hivyo, ni urahisi wa magari yenyewe. Ukifungua boneti ya gari la leo unakutana na mfuniko wa plastiki. Ukifungua boneti ya DX unaona injini, na pembeni ya injini unaona ardhi. Kabureta ile pale, distributa ile pale, na mkono unapita hadi kwenye stata bila kuchubuka. Nafasi hiyo humpa mtu ujasiri ambao hakuusomea.

Hatua ya kwanza ni kununua. Muuzaji husema gari linahitaji vitu vidogo vidogo tu, kauli ambayo ni ya kweli, kwani hata injini ni mkusanyiko wa vitu vidogo vidogo. Mnunuzi mwangalifu hubeba sumaku na kuipitisha kwenye bodi. Penye bati sumaku hushika. Penye fila nene huanguka. Njia hii haijawahi kushindwa, isipokuwa kwa upande wa mnunuzi. Akishalipenda gari, sumaku ikianguka mara ya tatu huamua kuwa ni ya bei rahisi, hairejeshi mfukoni bali huiweka juu ya boneti, na anatoa hela.

Hatua ya pili ni kufungua. Mafundi wa kweli hufungua kwa mpangilio, wakiweka kila bolti na kifaa chake au wakiirudisha kwenye tundu lake. Uani bolti zote huingia mkebe mmoja wa Blue Band, kwa imani kwamba mwenye gari atakumbuka. Kazi iliyopangwa kwisha Jumapili jioni ikivuka mwezi, kumbukumbu hiyo huwa imepotea, na mkebe umetumiwa na mtu wa nyumbani kupandia dhania. Bolti hupatikana baadaye ndani ya kikombe.

Skrubu zinastahili maelezo marefu kidogo, maana hapa ndipo wengi hukosea bila kujua kuwa wamekosea. Skrubu za kabureta, za taa na za milango ya gari la Kijapani zina alama ya msalaba kichwani, nazo zinafanana sana na zile zilizoenezwa duniani na Henry Phillips wa Marekani kuanzia miaka ya 1930. Hazilingani. Za Japani zilifuata viwango vya Japani, na nyingi zina kitone kidogo kichwani, kama chunjua, kuzitambulisha. Bisibisi ya nyota ya kawaida inaingia, lakini haifiki chini. Mtu akikaza mkono inapanda na kuteleza, ikila kingo za msalaba kidogo kidogo. Mwenye gari hulaumu skrubu. Anasukuma zaidi, na msalaba unakuwa duara. Analeta koleo, kisha nyundo, kisha anaazima drili kwa jirani, na mfuniko wa kabureta uliohitaji gasketi tu sasa unahitaji mfuniko. Dawa ilikuwa kununua bisibisi ya Kijapani, au kusaga ncha ya ile iliyopo hadi izame yote. Kusaga kwenyewe ni kazi ya dakika moja, na habari zake humfikia mtu siku ambayo skrubu ya mwisho imeshatobolewa.

Baada ya hapo huja kutu. Huanza pasipoonekana: chini ya zulia, ndani ya sili za milango, chini ya betri palipodondokewa na asidi, na kwenye pindo la kioo cha mbele ambapo mpira umekauka na maji hutuama. Magari ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam huliwa upesi kuliko ya Nakuru kwa sababu ya chumvi iliyomo hewani. Kanuni ya kutu ni kwamba kinachoonekana nje ni mlango tu wa kilichomo ndani. Kivimbe cha ukubwa wa sarafu kikichokonolewa na bisibisi (sasa imepata kazi inayoiweza) hutoa tundu la ukubwa wa sahani, na ndani ya tundu hukutwa kazi ya fundi aliyetangulia: wavu wa kuku, fila ya vidole viwili, na wakati mwingine gazeti. Mwenye gari hukaa chini akasoma gazeti. Kukata bati bovu hadi kufikia zima, kuchomelea kipande kipya na kukipaka rangi ya kuzuia kutu ndiyo njia inayodumu. Kufukia upya ndiyo njia inayotumika, na gazeti la safari hii huwa la karibuni zaidi.

Injini ndiyo sehemu inayoogopwa bure. Ya A12 iliyomo katika Datsun 1200 ina sentimita za ujazo 1171, na 4K ya Corolla ina 1290. Zote ni za silinda nne, zote ni ngumu kufa, na zote huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Mpangilio huo hauhitaji digrii, ila unahitaji kuandikwa kabla ya kung'oa waya za plagi. Asiyeuandika huzirudisha 1-2-3-4, kama watoto kwenye foleni ya uji, na gari hutoa sauti zinazowafanya majirani wajifungie ndani. Kosa la kiwango cha juu zaidi ni la distributa. Pistoni ya silinda ya kwanza hufika juu mara mbili katika mzunguko mmoja wa kazi, na ni mara moja tu ndiyo ya kuwaka. Distributa ikirudishwa kwa hesabu ya ile mara nyingine, cheche hutokea wakati vali ya kuingiza inafunguka, na moto hupanda kupitia kabureta. Ilivyo desturi, wakati huo mwenye gari huwa ameinama juu ya kabureta akisikiliza. Nyusi huota tena.

Kusafisha kabureta nako kuna utaratibu. Jeti ni kitundu chembamba kilichopimwa kiwandani, na mafuta yote ya injini hupita humo. Kikiziba, hupulizwa kwa hewa ya kompresa. Nyumbani hupulizwa kwa mdomo, jambo linalomfanya mtu anuke petroli hadi kanisani, au huchokonolewa kwa sindano ya kushonea. Sindano huzibua kweli. Pia hupanua, na tangu siku hiyo gari dogo la ujazo wa 1290 hunywa kama lori, huku mwenyewe akishuku kituo cha mafuta.

Nafasi za vali za 4K ni milimita 0.20 upande wa kuingiza na 0.30 upande wa kutoa, zikipimwa injini ikiwa ya moto. Kipimo chake ni vibamba vya chuma vilivyopangwa kama kurasa. Asiye na vibamba hutumia nyembe, kwa kuwa wembe wa kawaida una unene wa karibu milimita 0.1: mbili kwa kuingiza, tatu kwa kutoa. Hesabu ni sahihi. Mikono hufungwa bandeji baadaye.

Breki ni mahali ambapo ukarabati huacha kuwa kazi ya mtu mmoja na kuwa suala la ndoa. Ili kutoa hewa kwenye mabomba, mmoja hulala chini na spana, na mwingine hukaa kwenye usukani. Huanzwa na gurudumu la mbali zaidi na silinda kuu, ambalo kwa magari yenye usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Aliye juu hukanyaga pedali na kuishikilia, aliye chini hufungua skrubu, hewa hutoka na mafuta, skrubu hufungwa, ndipo pedali huachiwa. Mazungumzo ya kawaida huwa haya:

"Mama Zawadi, kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia. Inashuka yenyewe."

"Ndiyo, iache ishuke."

"Umesema niiache?"

Neno "iache" likitafsiriwa vibaya mguu hutoka, bomba hunyonya hewa, na kazi huanza upya. Msaidizi aliyeahidiwa dakika tano hukaa hapo saa mbili, chakula kikiungulia jikoni, na hujibu kwa sauti ambayo haihusu tena breki. Ikumbukwe pia kuwa mafuta ya breki hula rangi. Matone yaliyoanguka juu ya tairi la akiba hayana neno. Yaliyoanguka kwenye bodi iliyopulizwa rangi wiki iliyopita yanapaswa kumwagiwa maji mara moja, na si kupanguswa kwa fulana, kitendo kinachoyasambaza.

Spea hutafutwa Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam. Sheria ya Kenya hairuhusu magari ya kawaida yenye zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini, kwa hiyo DX iliyopo imetoka kwa waliokuwa nazo, na milango yake hutoka kwa marehemu wenzake. Wenye Datsun 1200 wana afadhali, kwani pikapu ya ukoo huo iliendelea kuundwa Afrika Kusini hadi 2008 ikiitwa Nissan 1400. Toyota nayo imeanza kutengeneza upya baadhi ya vipuri vya magari yake ya kale, ikianza na Supra na 2000GT, habari inayosomwa na mwenye DX kwa moyo wa mtu anayesoma orodha ya vyakula vya harusi asiyoalikwa. Dukani mteja hubeba kifaa kibovu kama sampuli. Muuzaji hukigeuza mara mbili, hupotea nyuma, na hurudi na kinachokaribiana. "Hii inaingia," husema. Huingia kweli, baada ya tupa na nyundo. Suala la namna kitakavyotoka huachiwa vizazi.

Kabla gari halijatembea, mwenyewe huwa tayari anafikiria kulibadilisha. Vijana hupendelea kuipandisha DX injini ya 4A-GE yenye kemshafti mbili juu, ile iliyokuja na Corolla Levin ya AE86 mwaka 1983. Kwa kuwa magari hayo mawili ni ndugu kwa upande wa chini, kazi inawezekana. Inadai vishikio vya injini, giaboksi, propela shafti, rejeta na waya, na pesa zikiisha huwa zimeishia kabla ya breki. Gari linalopatikana hukimbia kama la 1983 na kusimama kama la 1979. Wengine hulishusha kwa kukata springi kwa grinda. Mviringo mmoja ukikatwa linapendeza. Miwili, linashindwa kupanda tuta la mtaani kwao, na kuna springi inayochomoka kwenye kikalio chake gurudumu likining'inia. Ekzosi pana hufungwa mwisho, ili wote walioko ndani wasijue kuwa difu inalia.

Matunzo, kwa maandishi, ni mepesi: kubadili oili, kukagua pointi na plagi, kupaka grisi, kuangalia maji kila asubuhi, na kuliendesha mara kwa mara. Hilo la mwisho ndilo gumu. Gari lililogharimu kiasi hicho huonewa huruma, na halitoki siku ya mvua, wala siku ya vumbi, wala siku ya foleni. Likikaa, petroli hukauka ndani ya kabureta na kuacha gundi, betri huisha, na silinda za breki hushika kutu kwa ndani. Wanaolijua hili hulitoa kila Jumamosi hata kwa mwendo mfupi. Wengine wangependa kufanya hivyo, lakini wakati huo huwa wameshanunua DX ya pili kwa ajili ya spea, haina magurudumu, na imewekwa mbele ya geti.