Muulize Mjomba Karata: Kiti Kinaniponza!

Mjomba, shikamoo. Tunacheza Texas Hold'em kila Ijumaa, tisa mezani. Juzi nilipata ree ya kopa na tisa ya shupaza, nikiwa wa kwanza kusema. Nikapandisha dau kwa madaha. Hadi karata ya mwisho inafunguliwa, nimebaki na funguo za nyumba tu. Nimerogwa?
*Mkaukiwa, Kinondoni*

Marahaba, mpwa wangu. Mganga mwache apumzike. Kilichokuponza ni kiti. Anayeanza kusema ni yule aliye kushoto kwa mwenye dau kubwa la lazima, na baada yake wapo wanane ambao neno lao hujalisikia. Ree inang'aa, ila akitokea mmoja mwenye ree na mfalme, utamlipa hadi mwisho ukidhani mko sawa. Karata hizo hizo zikikujia ukiwa na alama ya mgawaji, na waliotangulia wote wametupa zao, pandisha. Wamebaki wawili tu, wale wa dau la lazima, nao karata za mezani zikianza kufunguliwa watasema kabla yako kila raundi. Ni kama barazani: msemaji wa mwisho ameshajua nani sauti inamtetemeka.

Mjomba, salaam. Mke wangu hukaa kushoto kwangu. Kila nikiweka dau, yeye anapandisha. Ndoa ni nzima, mfuko ndio umetoboka. Nifanyeje?
*Baba Watoto, Mombasa*

Usimlaumu mama watoto, anacheza sawasawa. Zamu huzunguka kwa mwendo wa saa, hivyo aliye kushoto kwako husema baada yako karibu kila mgao. Mpandishaji mkali anafaa awe kuliani kwako, umwone alichofanya kabla hujagusa mfuko. Kikipatikana kiti kushoto kwake, hamia. Kisipopatikana, chezea karata chache zaidi, na ukipata kali, pisha bila kuweka dau. Ataweka yeye, nawe ndipo umpandishie. Kuomba huruma mbele ya wageni hakusaidii.

Mjomba, shikamoo. Kama kiti kina nguvu hivyo, si nicheze bila kutazama karata?
*Mjuaji, Arusha*

Marahaba. Yupo aliyefanya. Mwaka 2007 Annette Obrestad wa Norway alishinda mashindano ya mtandaoni ya watu 180 akiwa amezifunika karata zake; kwa maelezo yake, alichungulia mara moja tu. Macho yake yalikuwa kwenye viti na woga wa wenzake. Septemba ya mwaka huo huo, jijini London, akatwaa taji kuu la World Series of Poker Europe na pauni 1,000,000, ikibaki siku moja atimize miaka 19.

Sasa, mpwa, wewe si Annette. Tena alama ya mgawaji haikai: kila mgao inasogea kushoto, na kwenye meza ya watu tisa inakufikia mara moja tu katika migao tisa. Ile minane ndiyo inayowafilisi wajuaji. Tazama karata, kisha tazama kiti: ukisema mapema, tupa nyingi, ukisema mwisho, cheza zaidi. Ila fedha ya kodi ya nyumba haina kiti mezani.