Heshima ya Fidla

Wimbo wa Ariana Grande ukisikika kwenye daladala, ni kelele za vijana. Mwaka 2020 ulisikika kwenye tamthilia ya Bridgerton, umepigwa kwa fidla na selo na kundi la Vitamin String Quartet la Marekani, na watu wazima wakaketi wima kama walioitwa ikulu. Wimbo ni uleule. Maneno tu ndiyo yaliyoondolewa, na nashuku hapo ndipo heshima ilipoingilia.

Sasa kundi hilo liongezee mwimbaji wa jazi. Wapigaji wanne wamekodolea noti macho. Yeye anaufikia mdundo kwa kuchelewa, kisha palipokuwa na mashairi anatia “du-ba-di-da”. Mpiga selo akichelewa vile, amekosea. Mwimbaji akichelewa, anapigiwa makofi.