Hotuba ya Bingwa wa Mbwa kwa Wakazi wa Lodwar na Kakuma

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee mlioketi juu ya ekicholong zenu, akina mama wa Kanamkemer, vijana wa bodaboda, na wageni wetu mliotoka Kakuma alfajiri mkala vumbi la kilomita 120, itifaki imezingatiwa. Ejok!

Nimeombwa niseme kwa ufupi. Ombi hilo nimelipokea na kulikataa.

Sifa zangu mnazijua, lakini kuzirudia si dhambi. Nimeishi na mbwa tangu sijapata kitambulisho. Cheti sina, kwa sababu wa kunitahini hajapatikana. Mada ya leo, niliyoitafiti kwa miaka mingi nikiwa nimekaa, ni jinsi mwenye mbwa anavyobadilika tangu siku anapoletewa wa kwanza hadi siku anapomzika wa nne au wa tano. Nimegundua kanuni, na naomba iandikwe kwa jina langu: kadiri mtu anavyozidi kuwajua mbwa, ndivyo anavyozidi kunyamaza.

Tuanze na mwanagenzi. Huyu utamjua kwa sauti. Ni mtu wa ofisi, kahamishiwa Lodwar juzi, kapanga nyumba Nakwamekwi na anaogopa wezi. Kapewa mtoto wa mbwa aliyezaliwa kwenye awi, yaani boma la Kiturkana, kando ya mto Turkwel, ambaye hajasikia lugha nyingine ila Kiturkana na ya mbuzi. Bwana wetu anamsimamia, ananyoosha kidole, anamwamuru akae kwa Kiingereza. Mbwa anamtazama. Bwana anarudia amri ileile kwa sauti ya juu zaidi, kwa imani kwamba Kiingereza kikipigiwa kelele hueleweka.

Kisha huja suala la jina. Mwanagenzi hupenda majina makubwa. Katika mtaa ambao nitaustiri, yupo aliyemwita mbwa wake Chifu. Ikawa jioni moja anapaza sauti, "Chifu, toka kwenye takataka!" Na chifu mwenyewe alikuwa akipita na wazee wa mtaa. Mbwa huyo siku hizi anaitwa Bobi.

Saa saba mchana mwanagenzi anamfunga kamba, anamtoa matembezi. Lodwar, saa saba mchana! Saa ambayo hata mti wa mathenge unatafuta kivuli. Mbwa anaingia chini ya lori lililoegeshwa, analala, anagoma. Bwana anaandika kwenye daftari lake: mkaidi. Ningekuwa mimi ningeandika kwamba katika ile barabara nzima kulikuwa na kiumbe mmoja tu mwenye akili, naye alikuwa chini ya lori.

Akishindwa kabisa, anamfunga mnyororo mchana na usiku ili ajifunze utii. Mwenyekiti, mji huu una ushahidi kuhusu njia hiyo. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilimtoa Jomo Kenyatta Lokitaung, ikamleta hapa Lodwar, ikitumaini kwamba jua na upweke vitamtuliza. Juni 1963 akawa Waziri Mkuu. Mzee, keti, tafadhali. Sijamfananisha mtu yeyote na mbwa. Nimemfananisha gavana wa kikoloni na mwanagenzi.

Mwanagenzi akipata mbwa wa pili huwa tayari ana bando za intaneti. Sasa namwita mwanazuoni, na huyu ndiye wa hatari. Atakuhubiria habari za Mrusi Pavlov, na kwamba alitunukiwa Nobel kwa ajili ya kengele. Sivyo. Tuzo ile ya 1904 ilikuwa ya kazi yake juu ya usagaji wa chakula tumboni; mate ya mbwa yalimpa umaarufu mwingine. Mwanazuoni, kwa kukosa kengele, hugonga sufuria kabla ya kumlisha mbwa. Mwezi haujaisha, sufuria ya jirani inagongwa na mbwa anakwenda kwa jirani. Nadharia imethibitishwa, ila ugali ulioliwa ni wa watu wengine.

Hapo anahamia nadharia ya dume kuu. Nayo yasema: wewe ndiwe kiongozi wa kundi, kwa hiyo kula kwanza, pita mlangoni kwanza, na mbwa akikukodolea macho mlaze chali. Asili yake ni Mswisi Rudolf Schenkel, ambaye mwaka 1947 alichapisha alichokiona kwa mbwa mwitu wa Ulaya waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel. Walikuwa wakigombana kila siku, naye akaandika kuhusu vyeo. Mmarekani David Mech akaieneza habari hiyo kwa kitabu chake cha 1970. Lakini Mech alikuwa na adabu ya kwenda porini. Alikaa na mbwa mwitu kwenye kisiwa cha Ellesmere, Kanada, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la kawaida ni baba, mama na watoto wao. Anayeongoza anaongoza kwa sababu ndiye aliyezaa.

Wageni wangu wa Kakuma hawakuhitaji kwenda Ellesmere. Kambi yao ipo tangu 1992, na wanajua kwamba ukitaka kuujua ukoo, usiuchunguze kwenye foleni ya mgao.

Mwanazuoni wetu hayo ya 1999 hayajamfikia. Mpaka leo yuko mlangoni kwake akishindana na mbwa, nani atoke kwanza.

Sasa mkongwe. Mbwa wa tatu, wa nne, akili imetulia. Kielelezo changu hapa si mtu aliyesoma. Ni mama wa Kiturkana, mwenye awi yake na mbuzi wake na ngamia kadhaa. Mbwa wake hakufundishwa na mtu kumbwekea fisi. Alikua katikati ya mbuzi, akawafuata mbwa wakubwa, akaona wanachokibwekea na wanachokiacha kipite. Kazi ya yule mama ilikuwa moja: kutomrushia jiwe alipobweka usiku wa manane. Sasa yeye amelala ndani, na kwa mbweko peke yake anajua kama ni mbweha, fisi, mgeni aliyechelewa njiani, au watu ambao ni heri mbuzi waondolewe mapema. Nawauliza wasomi mliopo: hapo nani amefundishwa?

Nami nimefika daraja hiyo. Mbwa wangu wa sasa, Waziri, ni zao la mbinu zangu zote. Akisimama mbele ya mlango, nafungua. Akitazama sufuria, namwaga. Akipanda kwenye kiti changu, nahamia kwenye mkeka. Tangu tuanze utaratibu huu hajakosea hata siku moja.

Lakini kuna somo ambalo mkongwe halichezei, na hapa naomba vijana wazime simu. Katika awi mbwa alikuwa pia yaya. Mtoto mchanga akichafuka au akitapika, mbwa aliitwa amlambe, maana maji yaliyochotwa kwa kuchimba mchanga wa lugga, yaani mto mkavu, hayamwagwi ovyo. Ndani ya utumbo wa mbwa huyo kuna tegu mdogo sana, wa milimita chache. Mayai yake hutoka na kinyesi, hushika kwenye manyoya na pua, huingia kinywani mwa mtoto au mama, na humo mwilini hujenga kifuko cha maji kwenye ini au pafu. Kifuko hicho hukua polepole kwa miaka, hadi tumbo la mtu mzima linavimba asijue alichokula. Mbuzi na ngamia huyapata mayai hayohayo majanini, nao hupata vifuko vilevile; mbuzi akichinjwa, ini lenye kifuko hutupiwa mbwa, na mzunguko umekamilika. Miaka ya 1980 Turkana ilitajwa miongoni mwa sehemu zenye ugonjwa huu wa hidatidi kwa wingi kuliko zote duniani.

Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kuudhibiti kaskazini-magharibi mwa Turkana. Watu walipasuliwa, wengine walipimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti hukohuko vijijini, mbwa wakapewa dawa ya prazikuanteli, na wasio na wenyewe wakapunguzwa. Dawa humsafisha mbwa kweli. Haiwezi kumzuia mtu kumrushia ini bovu wiki inayofuata. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kumfundisha mwenye mbwa: azike au achome viungo vyenye vifuko, amfukuze mbwa machinjioni, anawe mikono kabla ya kula, amtafutie mtoto yaya mwingine. Mbwa hakuitwa mkutanoni, wala hapakuwa na haja.

Chanjo ya kichaa cha mbwa naitaja kwa haraka kwa kuwa naona Mwenyekiti anatazama saa. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 lengo la kukomesha vifo vya kichaa hicho ifikapo 2030. Ukiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali. Mwanagenzi huanza kwa mganga, mwanazuoni huanza kwa simu, mkongwe huanza kwa sabuni.

Na Kakuma? Kakuma yupo mbwa ambaye nimempendekezea shahada ya heshima. Asubuhi anaitwa kwa Kinuer, anakwenda. Mchana Mkongomani anamwita kwa Kiswahili cha Bukavu, anakwenda. Jioni yuko nyuma ya hoteli ya Mhabeshi, akisubiri mabaki ya injera. Kwenye msikiti wa Wasomali anapita kando ya pili ya barabara, kwa hiari yake, asije akamtia mtu kwenye methali. Hana mnyororo, hana mwenyewe, na hakuna asiyedai kwamba ndiye aliyemfundisha.

Maswali? Wewe kijana wa Napetet. Mbwa wako anatafuna viatu. Swali zuri, nalo lina majibu matatu. Kama ni mbwa wako wa kwanza, utamgombeza. Kama ni wa pili, utasoma kwa nini anatafuna. Kama ni wa tatu, utaweka viatu juu ya kabati.

Swali la mama pale nyuma nimelisikia pia, ila jibu lake ni refu na Waziri ameinuka. Akiinuka, kikao kimefungwa. Ndivyo tulivyokubaliana baada ya mafunzo marefu. Mkubwa ni mimi, hilo lijulikane, lakini leo sipendi kumvunjia heshima mbele za watu.