Kobe na Madebe Kumi na Matano

Zamani, mvua ikikatika Bondeni, Kobe alilazimika kupanda mlimani kwa Simba kuomba ruhusa ya kuchimba kisima. Ilikuwa safari ya miezi mitatu. Akifika, karani Nyani humwambia mzee ametoka, rudi wiki ijayo. Mwaka mmoja alirejea na karatasi yenye muhuri, akakuta wajukuu wake wawili wamekufa kwa kiu.

Wanyama walidai haki yao miaka mingi, wengine wakapigwa, hata siku ya kura ikafika. Nyika ikagawanywa mabonde 47. Ikaandikwa kuwa katika kila madebe 100 ya nafaka yanayoingia ghala la mlimani, yasiyopungua 15 yateremke mabondeni, na maji yawe kazi ya wenyeji.

Bondeni wakamchagua Ngiri, mtoto wa nyumbani. Madebe ya kwanza yalipoteremka, Ngiri alijenga ukuta, kisha akachongesha kiti. Kobe alikitazama sana: miguu ya mpingo, mgongo mrefu, sawasawa na kile cha Simba. Kisha akaenda kukiangalia kisima. Kilikuwa shimo la kufika magoti, na jembe lililoachwa humo limeshika kutu.

"Madebe yamecheleweshwa mlimani," Ngiri akasema. Na ni kweli, Simba alikuwa mzito wa kuyaachia. Lakini yaliyofika yalikwenda wapi?

Kobe hakupanda mlima tena. Safari hii ilimchukua asubuhi moja tu. Aliingia barazani polepole, akaketi mbele.

"Mwanangu Ngiri, nisomee hesabu. Debe moja moja."

Watu wote wakanyamaza. Sungura, aliyejua kusoma, akasogea karibu. Ngiri akajikuna shingo, akaagiza daftari liletwe. Jua lilipotua walikuwa wamefika debe la saba. Kesho yake wakarudi wote, na wengine zaidi.

Wakenya wenzangu, nyika hii mnaijua. Kaunti zetu 47 zilipata magavana wa kwanza katika uchaguzi wa Machi 2013, na ugatuzi huo tuliupigania. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinaliagiza bunge la kaunti kufanya vikao hadharani na kumshirikisha mwananchi. Kikao cha bajeti kikiitwa kwenu, nendeni mapema, mkaketi mbele.