Barua ya Wazi kwa Mwenye Muhuri

Mheshimiwa Mwenye Muhuri,
Ofisi ya Vibali.

YAH: OMBI LA KUCHEZA NGOMA YA MGANDA USIKU, TUKITEMBEA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Fomu yako tumeijaza yote isipokuwa pale palipoandikwa "taja ukumbi, jukwaa na idadi ya viti". Wazee wamekaa kikao, ukumbi haukuonekana. Mganda wetu utaanzia sokoni Ruanda, ushike barabara ya Lituhi, usimame penye watu. Anayetaka kiti atakuta ngoma imeshapita.

Kuhusu "zana hatarishi", tunatamka: kaptula nyeupe, soksi ndefu, filimbi ya kiongozi, ngoma, na vibuyu vilivyotobolewa tundu likazibwa kwa utando wa buibui, ili sauti ya muimbaji itoke ikivuma kama nyuki. Mistari na kugeuka kulia ni mambo ya gwaride la KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza; babu zetu waliyachukua enzi za Vita Kuu ya Kwanza. Wapo maofisa wa Kiingereza walioiogopa beni, ndugu wa mganda kule pwani, wakidhani anayecheza uofisa anautaka kweli. Kwa hiyo tunaelewa, wasiwasi wa ofisi ni wa urithi.

Mbona tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililopo tangu 2004, limewahi kuingiza gwaride la ngoma na beni mitaani Unguja hadi Ngome Kongwe? Viti vya barabarani sijui vilihesabiwa na nani. Labda wageni wenye kamera hutosha kuwa kibali.

Lakini suluhisho tumelipata. Hapa Ruanda kuna maonyesho mengine yatembeayo usiku: malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka. Hujipanga mstari, huwasha taa, hupiga honi konani, huachia vumbi jeusi mashuka tuliyosahau kuanua. Watazamaji hupisha wenyewe, hadi mtaroni. Jukwaa hayana, na mzigo hufika hadi bandari ya Mtwara.

Basi tunaomba tusajiliwe kama lori. Mpiga ngoma kubwa atavaa namba mgongoni, filimbi itakuwa honi, na akina mama wanaotunza watakuwa mizani. Turubai tutajifunika.

Tafadhali jibu kabla fedha za kahawa hazijaisha mifukoni. Baadaye hakuna wa kutunza.

Wako mtiifu,
Katibu wa Mganda, Ruanda, Mbinga.

Nakala: Dereva wa lori la mwisho, apunguze mwendo tukimaliza mstari.