Nyumba ya Chini Haikumeta

Kwetu Lushoto tambarare ya kujengea ni adimu, kwa hiyo marehemu babu alimjengea kila mke pale mlima ulipokubali. Bibi mkubwa alikaa juu, penye migomba. Bibi mdogo hatua 60 chini yake, karibu na kijito. Tangu hapo ukoo wetu ni nyumba ya juu na nyumba ya chini. Mimi ni mjukuu wa nyumba ya juu. Bibi mkubwa ametangulia, na bibi mdogo ndiye anayetulea sote, hamuulizi mtu katoka tumbo lipi.

Julai, siku tatu kabla ya hitima ya babu, baba mkubwa alinikabidhi kazi ya kuandika daftari la ukoo. Nikatoa kitu nilichokuwa nimekitunza: kichupa cha wino wa kijani wenye vumbi la dhahabu, zawadi ya binamu aliye Uingereza, pamoja na kalamu yangu ya kujaza wino, yenye ncha nene.

Wino wa namna hii ni mgeni hata huko utokako. J. Herbin wa Ufaransa, wanaojihesabia umri tangu 1670, wametia chembe za rangi ya dhahabu katika wino wao karne hii tu. Na mwaka 2015 Diamine wa Liverpool wakatoa rangi za kumeta kwa mkupuo. Kinachometa si dhahabu. Kwa kawaida ni ulanga, jiwe lilelile walilolichimba Wajerumani kule Uluguru, lililosagwa mpaka likawa vumbi na kuvikwa ganda jembamba la madini mengine. Rangi ya wino huyeyuka majini. Ulanga hauyeyuki; huelea kwa muda, kisha hutua chini kama unga wa kahawa kikombeni.

Nilikitikisa kichupa, nikajaza kalamu, nikaanza na nyumba ya juu, kama adabu inavyotaka. Bibi mkubwa, watoto wake saba, wajukuu. Kila nilipouinamisha ukurasa kwenye taa, majina yaliwaka. Nikaitwa kula makande. Kalamu nikaisimamisha kikombeni, ncha juu, isije ikavuja. Niliporudi nikaendelea na nyumba ya chini pasipo kuitikisa, na taa ilikwisha kufifia.

Muda wa makande ulitosha. Ulanga ulikuwa umelala mkiani mwa kalamu, na ncha ikabaki inakunywa wino mtupu.

Asubuhi daftari likapita mkono kwa mkono. Shangazi wa nyumba ya chini akatoka nalo uani, kwenye jua, maana ukungu wa Magamba ulikuwa umepanda mapema. Akaligeuza huku na huku. Dhahabu iliwaka ukurasa wa kwanza wote, ikakoma palepale lilipoanza jina la mama yake.

"Mwanangu," akaniuliza, sauti ya chini kabisa, "sisi umetuandika kwa maji?"

Heri angenifokea. Nilianza kueleza habari za ulanga na kutua kwake, lakini nani angesikiliza somo la mawe wakati ule? Milima hii inaujua ugomvi wa nyumba. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja na mjukuu wake Shekulwavu walipigania kiti cha enzi cha Vuga hadi Usambara ikavunjika vipande. Sisi hatuna kiti cha kugombea, ila tuna shamba la viazi ambalo maneno yake yalikuwa yamelala miaka mingi. Nikayaona yanafumbua macho. Baba mkubwa alikuwa kimya, anapangusa miwani ambayo tayari ilikuwa safi.

Nikataka kusahihisha upesi. Nilikitikisa kichupa kwa nguvu, kifuniko hakijakazwa, na nusu ya wino ikaruka juu ya kitambaa cha meza alichokifuma bibi mdogo kwa mkono wake, kile kinachotandikwa siku za shughuli tu. Tukakifua kwa sabuni ya mche mara nne. Kijani kikatoka, kikaacha kivuli. Ulanga haukutoka. Umeshika ndani ya nyuzi mpaka leo.

Kalamu nayo ilikuwa imeziba, kwa kuwa niliiacha wazi usiku kucha. Mchana wote nilikuwa naisukumia maji ya vuguvugu kwa bomba la sindano, na tone la sabuni ya vyombo, mpaka yakatoka meupe.

Jioni nikashuka zile hatua 60. Bibi alikuwa jikoni, amejifunga kanga mbili kwa baridi.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Sogea motoni kwanza."

Nikamweleza yote, pamoja na kitambaa. Akakichukua kichupa, akakitikisa kidogo, akakiinua mbele ya mwali na kuitazama dhahabu inavyoshuka.

"Kumbe inachoka," akasema. "Inataka mtu wa kuiamsha."

Akaitwaa kazi hiyo. Nikawa nikimaliza jina naifunika kalamu, nampa. Anaigeuza juu chini, juu chini, taratibu, kisha ananirudishia. Jina lake, mtoto wa kwanza, wa pili, mpaka shangazi, ambaye ni wa tano na ndiye kitindamimba. Kila jina liliwaka. Nikaanza kukaza kifuniko cha kichupa.

"Bado," bibi akasema. "Yuko mmoja baada ya shangazi yako. Aliishi siku tisa."

Akanitajia jina. Sikuwahi kulisikia, si nyumba ya juu wala ya chini. Nikanyoosha mkono nipokee kalamu, lakini hakuitoa. Aliendelea kuigeuza, juu chini, macho motoni, muda mrefu kuliko majina yote mengine.